Kuzuia umeme usile beringi za mota: mwongozo kwa mafundi wa pampu Unguja na Pemba

Mota ya pampu imefungwa beringi mpya, imetiwa grisi nzuri, kaplingi inayoiunga na pampu imenyooshwa, na bado baada ya miezi michache inaanza kulia. Sauti yake si ile ya kukwaruza ya beringi iliyokauka. Ni mvumo mmoja mrefu, unaopanda na kushuka kila inveta, yaani kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota, inapobadili mwendo. Fundi anaitwa, anabadilisha beringi, analipwa, na kabla mwaka haujesha anaitwa tena kwa mota ile ile.

Huku kwetu lawama hupewa chumvi ya bahari, au duka lililouza beringi, au umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Chumvi inaharibu kweli, na beringi za bandia zipo madukani. Lakini mota ikiwa inaendeshwa na inveta, jambo la kwanza la kushuku ni umeme unaopita ndani ya beringi yenyewe. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zimejaa inveta siku hizi: pampu za kusukuma maji vyumbani, pampu za mabwawa ya kuogelea, feni za jikoni, mashine za kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Vyumba vya baridi vya samaki navyo vinazo. Inveta zinaokoa umeme mwingi na sina neno nazo. Neno langu ni namna zinavyofungwa.

Mwongozo huu ni wa mota za fezi tatu za kawaida, zenye beringi za gololi, zinazoendeshwa na inveta. Mota za kuzamishwa kisimani hazimo. Nyingi kati yake hutumia bushi zinazolainishwa na maji, hazina gololi, na maradhi yao ni mengine.

Umeme huo unatoka wapi

Soma sehemu hii hata kama una haraka, kwa sababu asiyeielewa atafanya hatua zote zilizobaki kwa kubahatisha.

Umeme wa kawaida wa fezi tatu, ukizijumlisha volti za fezi zote kwa wakati mmoja, jawabu ni sifuri. Ndiyo maana mota ndogo iliyofungwa moja kwa moja kwenye laini haipati shida hii. Inveta ni kitu kingine. Inapokea volti 400, inazigeuza kuwa umeme wa DC wa volti 540 hivi, kisha transista zake zinaukata vipande vipande. Kwa wakati wowote ule, kila fezi inayokwenda kwenye mota imeshikishwa ama upande wa chanya au upande wa hasi. Fezi ni tatu na pande ni mbili, kwa hiyo haiwezekani jumla yake ikawa sifuri hata mara moja. Nyaya zote tatu kwa pamoja zinaruka juu na chini, kati ya volti 270 chanya na volti 270 hasi, maelfu ya mara kila sekunde.

Sasa itazame mota. Nyaya za steta (sehemu isiyozunguka) ziko upande mmoja, rota (sehemu inayozunguka pamoja na shafti) iko upande wa pili, na katikati kuna hewa. Hiyo ni kapasita, yaani vyuma viwili visivyogusana lakini mruko wa volti wa kimoja unahisiwa na cha pili. Kila nyaya za steta zinaporuka, rota nayo inapata sehemu ya mruko huo, mara nyingi kati ya asilimia 2 na 10. Rota na shafti yake zinabeba volti 5, 15, hata 27. Shafti inapozunguka, kinachoitenganisha na bodi ya mota ni ngozi nyembamba ya grisi kati ya gololi na chuma, yenye unene wa mikroni chache au chini ya hapo. Volti zikipanda, ngozi hiyo inatoboka, cheche inaruka, na chuma kinayeyuka mahali pa ukubwa wa mikroni chache. Cheche moja si kitu. Lakini zinaweza kuwa maelfu kwa sekunde, na pampu ya hoteli haizimwi.

Huo ndio uharibifu wa mota ndogo na za kati. Mota kubwa, kuanzia kilowati 75 hadi 100 hivi, zina jambo la ziada: umeme unaovuja kutoka kwenye nyaya kwenda kwenye chuma cha steta unazalisha volti kati ya ncha mbili za shafti, na umeme unazunguka kutoka shafti, kupitia beringi moja, kwenye bodi, kisha beringi ya pili na kurudi kwenye shafti. Aina ya tatu inatokea pale bodi ya mota ilipofungwa ethi (waya wa usalama) mbaya huku pampu imegusana vizuri na ardhi au mabomba ya chuma. Hapo umeme unavuka kutoka bodi ya mota kupitia beringi zake, shafti na kaplingi, mpaka kwenye beringi za pampu. Unaharibu mashine mbili kwa pamoja.

Kwa hiyo, ndugu yangu fundi, usimlaumu ZECO kwa hili. Baada ya Unguja kukaa gizani kwa miezi 3, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kila mwenye hoteli alijua thamani ya jenereta. Lakini hata ukiendesha pampu kwa jenereta mchana kutwa, cheche ziko pale pale. Umeme huu umezaliwa ndani ya inveta, na unachotaka ni kurudi ndani ya inveta. Kazi yetu yote ni kuupa njia ya kurudia isiyopita kwenye beringi.

Hatua ya 1: Fungua beringi uisome

Usitupe beringi iliyotoka. Kabla ya kuing'oa weka alama ya kalamu: upande wa pampu au upande wa feni, na sehemu iliyokuwa juu. Kisha vaa miwani, ikate ringi ya nje kwa grenda sehemu mbili zinazotazamana, itenganishe, uchukue kidogo grisi yake pembeni, na uisafishe iliyobaki kwa mafuta ya taa.

Tazama njia ya gololi. Uharibifu wa umeme ukiwa mchanga, njia inapoteza mng'ao wake na kuwa ya kijivu, imefifia, kana kwamba imepigwa msasa laini sana. Ukiwa umekomaa, utaona mistari iliyopangika kwa nafasi sawa, imekata njia kwa mkato, kama migongo ya bati la paa. Mistari hiyo hujitokeza zaidi kwenye mashine inayokwenda mwendo mmoja kwa muda mrefu, na pampu na feni zetu ndivyo zinavyokwenda. Grisi nayo hugeuka nyeusi na kuungua. Weusi peke yake hautoshi kuwa ushahidi, maana grisi iliyopata joto au uchafu nayo inakuwa nyeusi.

Usichanganye na vitu viwili vinavyofanana. Kutu ya chumvi ina wekundu, mashimo yake hayana mpangilio, na mara nyingi inaanzia pale maji yalipokaa. Kingine ni alama zinazotokea kwenye pampu ya akiba iliyosimama karibu na pampu inayofanya kazi. Mtikisiko wa jirani unaifanya kila gololi ichimbe mahali pake, kwa hiyo umbali kati ya alama moja na nyingine ni sawa na umbali kati ya gololi na gololi. Mistari ya umeme iko karibu karibu zaidi ya hapo, na inaweza kuizunguka njia nzima. Ikiwa tatizo lako ni la pampu ya akiba, dawa yake ni kuzipokezanisha pampu zamu kwa zamu, na sehemu kubwa ya mwongozo huu haikuhusu.

Hatua ya 2: Pima, kama unacho cha kupimia

Multimita ya kawaida haioni cheche hizi, ni za haraka mno. Ukiweka multimita kwenye shafti ukasoma volti 1, usiseme kuwa mota ni salama. Kifaa chake ni osiloskopu, inayochora volti kwenye skrini, yenye uwezo wa megahezi 100 au zaidi, na probu ya 10 kwa 1. Ncha ya probu haiwezi kugusa shafti inayozunguka kwa usalama, kwa hiyo inafungwa kijibrashi cha nyuzi za kaboni kinachoshikiliwa na stendi ya sumaku. Klipu ya ethi ya probu inakaa kwenye bodi ya mota, mahali palipokwanguliwa rangi, karibu na shafti. Osiloskopu inayotumia betri ni bora.

Utakachokiona kwenye mota inayoumwa ni volti inayopanda, kisha inaanguka ghafla hadi sifuri, inapanda tena, inaanguka tena. Kila anguko ni cheche ndani ya beringi. Ukiona umbo safi la ngazi za inveta bila maanguko, grisi bado inazuia, lakini usitarajie izuie daima. Beringi mpya yenye grisi mpya mara nyingi huonekana hivyo mwanzoni. Ukiona karibu hakuna volti kabisa, ama ulinzi upo na unafanya kazi, ama beringi imekwisha na chuma kinagusa chuma. Sikiliza sauti ya mota ndiyo utajua ni lipi.

Osiloskopu hazipatikani kirahisi visiwani, nalijua hilo. Kama huna, mistari uliyoisoma katika hatua ya 1 ni ushahidi unaotosha kuendelea. Usikae unangoja kifaa huku beringi za watu zinakwisha.

Usalama: baada ya kuzima inveta, kapasita zake hubaki na umeme unaoua. Ndogo zinahitaji dakika 5, kubwa hufika 15 au zaidi. Soma kibandiko cha inveta yenyewe, na hata baada ya kungoja, pima terminali za DC kabla mkono haujaingia. Na kazi ya kupima shafti inayozunguka isifanywe na mtu aliyevaa kanzu au shati la mikono mirefu iliyo wazi.

Hatua ya 3: Itengeneze ethi ili umeme urudi kwenye inveta

Hapa ndipo ninapoona mafundi wengi wazuri wanapotea, na ndipo nitakapokaa kwa muda.

Fundi akisikia neno ethi, anafikiria fimbo ya shaba ardhini. Mota ikisumbua, anachimbia fimbo ya pili karibu na pampu. Ukanda wa mashariki wa Unguja na sehemu kubwa ya kaskazini ni uwanda, mawe ya matumbawe matupu. Kupata kipimo kizuri cha ethi huko ni kazi ngumu, na fundi anaweza kutoboa mawe siku nzima bila kufika popote. Fimbo inahitajika kwa usalama wa watu na kwa radi, na kanuni za ufungaji zinaitaka, usiiguse. Lakini haiwezi kuponya beringi. Umeme wa inveta hauna shida na ardhi. Ukipelekwa ardhini kwa fimbo ya karibu na pampu, itabidi upite ndani ya mawe ili urudi kwenye inveta, na mawe hayapitishi. Utachagua njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa beringi.

Kinachotakiwa ni shaba isiyokatika kutoka bodi ya mota mpaka terminali ya ethi ya inveta. Ifuatilie kwa mikono yako. Anza kwenye mota: waya wa ethi umefungwa ndani ya boksi la terminali, au umeachwa ukining'inia? Umefungwa juu ya rangi? Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza. Fuata waya mpaka kwenye paneli. Je, unaingia moja kwa moja kwenye inveta, au unapita kwenye baa ya mbali, kisha unarudi kwa waya mwembamba? Mwili wa inveta umefungwa kwenye bamba la paneli lililo tupu, au lililopakwa rangi?

Jambo la pili ni umbo la waya. Umeme huu una masafa makubwa sana, na kwa masafa hayo waya mwembamba, mrefu na wa mviringo unazuia hata kama multimita inasoma ohm 0. Mkanda mpana, mfupi, wa shaba iliyosukwa unapitisha vizuri zaidi. Kanuni rahisi ni kwamba urefu wa mkanda usizidi mara 5 ya upana wake, inapowezekana. Tumia mkanda kama huo kuunga bodi ya mota na beseni la chuma la pampu, yaani kitako chake, na kutoka beseni kwenda kwenye mwili wa pampu. Usidhani kwamba boliti za miguu zinatosha. Pampu nyingi za hoteli zimekaa juu ya mipira ya kuzuia mtikisiko, beseni limepakwa rangi nzito ya kuzuia kutu, na mabomba ni ya plastiki. Vyote hivyo ni vihami, havipitishi umeme. Mota na pampu zinakuwa zimegusana kwa shafti tu, na hapo umeshajua umeme utapita wapi.

Kwa sababu ya hewa ya bahari, tumia mkanda wa shaba iliyopakwa bati, boliti za chuma kisichoshika kutu, na kiungo kikishakazwa kipake vaselini au grisi kwa juu. Kipake baada ya kukaza, isiwe kabla. Kila baada ya miezi 6 fungua kimoja utazame. Ukikuta ukoga wa kijani ndani, kiungo hicho hakipo tena, ingawa kwa macho kinaonekana.

Na sasa onyo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa ufundi alisikie. Inveta huvujisha umeme kidogo kwenye ethi, na elsibi ya kawaida, ile swichi inayokata umeme ukivuja, inaweza kuanguka kwa sababu hiyo. Wapo wanaotatua kwa kukata waya wa ethi wa mota. Elsibi inatulia, na mota inakuwa mtego wa kuua mtu kwenye chumba chenye sakafu ya maji. Usifanye hivyo kamwe, wala usimwachie mwenzako akafanya. Kwa inveta ya fezi tatu tafuta elsibi ya aina B, ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Vilevile kuna skrubu ndogo kwenye inveta nyingi inayounga filta ya ndani na ethi. Wengine huing'oa kwa sababu ile ile ya elsibi. Ukiing'oa umeufunga mlango mmoja wa umeme kurudi nyumbani. Iache, isipokuwa kitabu cha inveta kinasema uiondoe kwa aina ya umeme ulio nao.

Hatua ya 4: Kebo kati ya inveta na mota

Kebo bora ni ile yenye ngao ya shaba iliyozunguka nyaya zote, na nyaya 3 za ethi zilizopangwa sawasawa kati ya fezi. Mpangilio huo unapunguza umeme unaozaliwa kwenye ethi kwa sababu ya kebo kukaa upande. Kwa mota ndogo kebo ya nyaya 4 yenye ngao inafaa.

Ngao ifungwe pande zote mbili, kwenye inveta na kwenye mota, kwa glendi ya chuma inayoibana ngao kwa mzunguko wake wote. Kosa la kila siku ni kuisokota ngao ikawa kama mkia, kisha kuifunga chini ya skrubu moja. Mkia huo, hata ukiwa na sentimita chache, unazuia masafa makubwa, na fedha iliyonunua kebo nzuri inakuwa imepotea. Kosa la pili ni glendi ya plastiki.

Kebo iwe fupi. Inveta ikae karibu na mota kadiri chumba kinavyoruhusu, mradi haipigwi na maji wala upepo wa bahari. Kebo ndefu ina madhara mengine pia kwa nyaya za steta, na filta za kupunguza kasi ya mruko zinasaidia huko. Lakini muuzaji akikuambia filta hiyo itaokoa beringi, mwambie haitoshi. Volti ya pamoja ya fezi zote bado inapita.

Hatua ya 5: Masafa ya kukata ya inveta

Ingia kwenye mipangilio utafute masafa ya kukata, yaani transista zinaukata umeme mara ngapi kwa sekunde. Nyingi huruhusu kuanzia kilohezi 2 mpaka 16. Wafungaji huyapandisha ili mota isilie mlio mwembamba karibu na vyumba vya wageni. Kila mkato ni nafasi ya cheche, kwa hiyo ukishusha kutoka 12 hadi 4 unapunguza mapigo mara tatu bila kutumia hata shilingi. Chumba cha pampu kikiwa mbali na wageni, shusha. Kama kuna filta ya kulainisha wimbi baada ya inveta, usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye filta, utaiunguza.

Kushusha masafa kunachelewesha tu. Si tiba.

Hatua ya 6: Chagua kinga ya mota yenyewe

Ukishamaliza ethi na kebo, ndipo ufikirie kununua kitu cha kufunga kwenye mota. Kuna vitu vitatu, na makosa makubwa yanatokana na kununua kimoja mahali pa kingine.

Cha kwanza ni ringi ya nyuzi za kaboni. Inafungwa kwenye kava ya mota, nyuzi zake zinagusa shafti pande zote, na umeme wa shafti unapita kwenye nyuzi badala ya gololi. Kwa mota ya chini ya kilowati 75, ringi moja upande wowote inatosha, nayo ndiyo kinga ninayoipendelea kwa pampu za hoteli kwa sababu inaiondoa volti kwenye shafti na hivyo kuilinda pampu pia.

Cha pili ni beringi yenye kihami: ringi yake ya nje au ya ndani imepakwa oksaidi ya alumini, unene wa mikroni 100 na zaidi. Kwa beringi za SKF zenye kihami kwenye ringi ya nje utaiona namba VL0241 mwishoni mwa jina. Inafaa sana kukata ule mzunguko wa mota kubwa. Kwenye mota ndogo haina nguvu hiyo, kwani ngozi nyembamba namna hiyo nayo ni kapasita na masafa makubwa yanapenya.

Cha tatu ni beringi ya gololi za kauri, yaani nitraidi ya silikoni, kwenye ringi za chuma cha kawaida. Kauri haipitishi umeme kabisa kwa kazi yetu hii. Ni bei kubwa, lakini ukubwa wake ni ule ule na inadumu.

Sasa namna ya kuchagua. Mota ndogo na ya kati: ringi ya kaboni, au beringi za kauri pande zote mbili. Usiweke kihami upande mmoja tu wa mota ndogo ukadhani umeilinda, maana umeme wote utahamia kwenye beringi ya pili, nayo itakufa mapema zaidi. Mota kubwa, kilowati 75 na kuendelea: beringi yenye kihami upande wa feni, na ringi ya kaboni upande wa pampu. Ringi lazima iwe upande usio na kihami. Ukiviweka upande mmoja, ringi inaukwepesha umeme kihami, na mzunguko unarudi kama ulivyokuwa.

Ukitumia vihami pande zote mbili bila ringi, volti inabaki kwenye shafti na itatafuta pampu. Hapo weka kaplingi yenye kihami, au ongeza ringi.

Grisi inayopitisha umeme siishauri. Chembe zake zinasaga beringi, na uwezo wake wa kupitisha hautegemeki kwa muda mrefu.

Kwa mota kubwa unaweza pia kuongeza choki ya duara kwenye kutoka kwa inveta. Fezi zote 3 zipite pamoja ndani ya duara moja. Waya wa ethi na ngao vibaki nje. Ukiingiza ethi ndani, choki haifanyi chochote.

Hatua ya 7: Kufunga

Ringi ya kaboni inataka shafti safi. Ondoa rangi, kutu na gundi mpaka chuma cheupe, kisha futa kwa spiriti. Huku kwetu chuma hicho kitashika kutu tena upesi, kwa hiyo pakaa rangi ya fedha inayopitisha umeme kwenye sehemu ambayo nyuzi zitagusa, uiache ikauke. Nyuzi zisipite juu ya mfereji wa funguo ya shafti. Kama hakuna nafasi nyingine, ujaze mfereji kwa gundi ngumu na uulainishe kwanza. Skrubu za ringi zisipakwe gundi ya kawaida ya kuzuia kulegea, hiyo ni kihami. Ukimaliza, pima kati ya mwili wa ringi na bodi ya mota: isizidi ohm 2.

Kama pampu iko uwanjani au karibu na bwawa, ringi iliyofungwa ndani ya kava ni bora kuliko ya nje. Ikibidi iwe nje, ikinge kwa sili ya mpira juu ya shafti. Mahali penye mvuke wa petroli au gesi usifunge ringi bila kibali cha mtengenezaji wa mota.

Beringi yenye kihami ni ngumu kidogo. Usiipige nyundo. Ipashe moto kwa hita ya beringi, isizidi nyuzi 110 hivi, iingie yenyewe. Kama kihami kiko kwenye ringi ya nje, angalia kingo za nyumba yake zisiwe na ncha kali, kwani mkwaruzo mmoja unatosha kuharibu kihami. Ipime kwa mega (kipimo cha uhami) ya volti 500 kabla ya kuifunga, ikiwa kavu: isome zaidi ya megaohm 50. Ukishaifunga huwezi kuipima tena kirahisi, kwa sababu beringi ya upande wa pili ni chuma kitupu na inaunga shafti na bodi. Wala usipige mega kwenye mota ambayo bado imeungwa na inveta. Utaziua transista.

Jambo moja la kando ambalo halina uhusiano na inveta, lakini linaua beringi hapa visiwani kila siku: welding. Mtu anachomelea bomba au beseni la pampu, na klampu ya ethi ameibana mbali, upande wa pili wa mota. Ampia zaidi ya 100 zinapita kwenye beringi kwa dakika kadhaa, na kesho yake mota inalia. Klampu ibanwe kwenye kipande kile kile kinachochomelewa, karibu na moto. Mwambie mchomeleaji kabla hajaanza.

Kununua

Beringi za kawaida, 6205, 6306 na jamaa zake, zinapatikana Darajani na Mlandege. Zenye kihami, za kauri, ringi za kaboni na kebo yenye ngao mara nyingi huagizwa Dar es Salaam au nje. Kwa hiyo agiza kabla mota haijafa. Chukua kibati cha mota, andika kilowati, ukubwa wa bodi na namba za beringi zote mbili, kwani upande wa pampu na upande wa feni mara nyingi hazilingani. Pima kipenyo cha shafti kwa kalipa mahali ringi itakapokaa. Wenzetu wa Pemba wafanye hesabu ya meli pia, na waweke beringi moja ya ziada kwenye stoo, ndani ya pakiti yake ya mafuta, ilale chali juu ya rafu mbali na sakafu.

Mweleze mwenye mali gharama kwa utaratibu. Wengi wanaikataa ringi kwa bei, kisha wanalipa beringi, fundi, na siku ya hoteli isiyo na maji. Muoneshe beringi uliyoikata, na mistari aione kwa macho yake.

Baada ya kazi

Andika kwenye kibandiko kilichobandikwa ndani ya mlango wa paneli: tarehe, masafa ya kukata uliyoyaweka, aina ya kinga, upande iliko, na ohm ulizozisoma. Kama una osiloskopu, pima siku hiyo hiyo na uhifadhi picha. Rudi baada ya mwezi mmoja usikilize mota kwa fimbo au bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi, pande zote mbili. Kisha rudi kila miezi 6, wakati ule ule unapofungua viungo vya ethi kuvitazama. Nyuzi za ringi zikijaa vumbi na grisi, zifute kwa kitambaa kikavu, na shafti uipake upya rangi ya fedha pale ilipochubuka.

Mvumo ukirudi licha ya yote haya, usianze na beringi. Anza tena na waya wa ethi, kutoka mota hadi inveta, kiungo kwa kiungo.